Koti Lililobaki Kanduyi

Kitale, 14 Juni 2004

Mama Nafuna mpenzi,

Natumaini hapo Kanduyi mko wazima na mahindi yameanza kubeba. Huku ni mvua tu. Viazi ulivyonifungia vimeisha, wenzangu wamenisaidia kula.

Barua yako ilisema Nafuna halali mpaka umfunike koti langu la kazi, ati anasikia harufu ya baba. Nilifurahi, nikawasomea wote hapa kwenye kituo cha mafuta. Sasa nakuomba, mwondolee leo hii. Hiyo si harufu yangu, ni petroli. Juzi nilienda kliniki, kichwa tu, usishtuke, na daktari akaniambia mvuke wake ni sumu, hasa kwa mtoto. Kibao chetu kinakataza sigara na simu. Kupumua hakikutaja!

Lifue kando na nguo zake, ulianike mbali na jiko, kisha ulinuse vizuri. Likinuka bado, rudia.

Nami nikija mwezi ujao, niwekee maji nioge kwanza, halafu uninuse wewe kabla ya kunipa mtoto. Mimi harufu hiyo siku hizi siisikii tena.

Wako,
Baba Nafuna