Tulimtoa Lyle Dirisha Dogo

Mpendwa Bi. Hedwig, naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, kwa sababu dirisha linafungwa Julai thelathini na moja na leo ninapoandika ni tarehe ishirini na mbili, na mke wangu amesema jambo hili ni la kipuuzi na hataki kulisikia tena mezani, kwa hiyo nimebaki na wewe na ukurasa wako wa ushauri gazetini.

Mimi ni mstaafu, nilikuwa fundi wa kuchonga vyuma hapa West Allis, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa na tiketi ya msimu upande wa kulia wa uwanja wa besiboli, safu ya kumi na moja, kiti cha saba. Safu yetu tuko wanne: mimi, Dolores aliyekuwa dereva wa basi la shule, binamu yake Ray ambaye akisema maneno kumi kwa msimu amesema mengi, na Lyle. Majina nimeyabadilisha, ingawa wao watajijua, na nusu ya Milwaukee itajua. Lyle ndiye rafiki yangu. Tulifanya kazi zamu moja miaka kumi na tisa, na kabla ya kiwanda alikuwa mrushaji wa besiboli katika ligi za chini, alibakiza hatua mbili afike ligi kuu, kisha bega likaharibika akiwa na miaka ishirini na minne, na mpaka leo mkono wake wa kulia haupandi kupita bega, hata kofia anaivaa kwa mkono wa kushoto.

Safu yetu ina sheria, Dolores ameziandika kwenye kipande cha boksi anachotembea nacho kwenye mkoba. Anayechelewa ananunua soseji za wote. Mrushaji wetu akiwa hajapigwa hata mpira mmoja wa maana, hakuna ruhusa ya kulitaja jambo hilo, maana ukilitaja tu anapigwa. Na kama timu zinavyofanya dirisha dogo, safu inaweza kubadilishana mtu mmoja na safu nyingine kabla ya Julai kwisha, kura mbili zikipatikana, na dirisha likishafungwa hakuna kurudishana mpaka mwakani. Hii ya mwisho tuliitunga kwa utani na tuliwahi kuitumia mara moja tu, tulimpeleka Ray jukwaa la juu, tukapewa mama mmoja mwenye darubini, na dirisha lilipokuwa linakaribia kufungwa tukamrudisha Ray akiwa amenenepa, na sote tulicheka, Ray akiwemo.

Sasa mwaka huu timu yetu iko nyuma ya vinara kwa mechi mbili tu, na tuna kijana anaitwa Olivares, miaka ishirini na miwili, anarusha mpira mpaka unamwonea huruma mpigaji, lakini kocha anamtoa kila akikaribia mirusho tisini. Mimi nina daftari, naandika kila mrusho, nimeona mikono michanga mingi ikivunjika, kwa hiyo msimamo wangu tangu Mei ni kwamba kocha yuko sahihi, na zaidi ya hapo kijana auzwe dirisha hili hili akiwa bado mzima, tupate mpigaji mmoja wa uhakika, kwa sababu hawa tulionao hata ukiwawekea mpira mezani wataukosa. Lyle anasema kijana aachwe arushe mpaka aombe mwenyewe kutoka, na tena anasema mtu wa miaka ishirini na miwili hauzwi Julai. Nikamuuliza kwani Julai ina nini, na akiuzwa Januari je? Akasema Januari afadhali, Januari mtu yuko kwao. Tumebishana hivyo kwenye gari, kwenye foleni ya choo, na kwenye mazishi ya shemeji yake Dolores, hadi mchungaji akatugeukia.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita Olivares alimaliza awamu sita kati ya tisa bila mtu kumpiga, mirusho themanini na nane, safu nzima tumenyamaza kama sheria inavyotaka, Dolores ameshika boksi lake kifuani. Kisha kocha akatoka, akamgusa kijana begani, akamtoa. Uwanja mzima ulizomea, Bi. Hedwig, watu elfu thelathini na kitu, na mimi nikapiga makofi, kwa sababu lilikuwa jambo sahihi na nilitaka ijulikane kwamba yupo anayeona. Lyle akanigeukia, hakuwa na hasira, akasema taratibu, "Wangemwacha amalize, bwana. Hata mara moja tu, mtu angeachwa amalize." Nami nikamjibu, "Amalize awe kama wewe, anavaa kofia kwa mkono wa kushoto?"

Akageukia uwanja. Mrushaji wa akiba aliyeingia alipigwa mrusho wake wa pili, mpira ukaenda hadi viti vya nyuma kabisa, na mechi tukapoteza nne kwa tatu. Baadaye kwenye maegesho, tukichoma soseji kama kawaida, Lyle akawaambia majirani wote wa magari, "Mnamwona huyu? Ndiye aliyepiga makofi," na watu wakanicheka, mmoja akakataa kunipa haradali, na ingawa alikuwa anatania mimi niliumia, nakiri.

Kesho yake nikawapigia Dolores na Ray, nikasema tumbadilishe Lyle. Dolores alidhani ni ule utani wetu, akacheka, akasema haya. Ray akasema "Mh," nikaihesabu kuwa ni ndiyo. Nikaongea na watu wa jukwaa la mia mbili ishirini na saba, upande wa pili kabisa wa uwanja, wakakubali kutupa bwana mmoja anaitwa Pruitt, mhasibu, mtu wa takwimu. Jumanne kabla ya mechi nikasimama kwenye maegesho, watu kama arobaini wamekusanyika na vikombe vya bia, nikasoma karatasi niliyoiandika vizuri kama zinavyoandika klabu: kwamba safu ya kumi na moja imeachana na Lyle, inamshukuru kwa mchango wake wa miaka ishirini na miwili, na inamtakia kila la heri aendako. Watu walicheka sana. Lyle alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka koleo la soseji chini, akachukua kirago chake cha kukalia, akampa mkono kila mmoja wetu, mimi wa mwisho, akasema, "Nimewahi kusomewa hii. Ile ilikuwa fupi." Akaondoka.

Hapa niseme kwamba Lyle aliwahi kuuzwa kweli, Julai, akiwa na miaka ishirini na miwili, timu ikiwa safarini, alisimamishwa kwenye ngazi za basi na begi lake likashushwa wenzake wakiangalia dirishani, na hilo nililijua ila sikuwa nalifikiria, na pia soseji zile ziliungua hakuna aliyezigeuza. Huyu Pruitt ni mtu mzuri, anakubaliana na kila ninachosema, ana karatasi zinazoonyesha kwamba kila ninachosema ni kweli, na awamu tisa nikiwa naye naziona ndefu. Nimeazima darubini. Lyle anakaa kule kimya, mikono mapajani, hapigi makofi wala hazomei. Simu hapokei. Juzi Dolores ameniambia Lyle amemwambia kwamba mwakani hakati tiketi, si kule wala kwetu, besiboli imemtosha.

Swali langu ni hili: je, niitishe kura nyingine kabla ya tarehe thelathini na moja tumrudishe, na wale wa mia mbili ishirini na saba wakikataa kumtoa kwa Pruitt peke yake, ni haki kuwaongezea nafasi ya Dolores ya kuegesha gari kivulini? Na je, nilikosea kuhusu Olivares?

Wako,
Kiti cha Saba

*

Bwana Kiti cha Saba,

Barua yako ina kurasa nne. Mhariri wangu alitaka kukata ile orodha ya mirusho uliyoambatisha nyuma, nami nikamruhusu.

Nianze na swali lako jepesi ili tulimalize. Kuhusu Olivares uko sahihi. Mirusho themanini na nane katika joto la Julai inamtosha kijana, na kocha anayemtoa wakati uwanja mzima unazomea anastahili makofi. Habari ya kumuuza sikubaliani nawe, mpigaji anayetajwa magazetini kuwa mnamtaka ana miaka thelathini na minne na goti bovu, lakini tuliache hilo. Ulikuwa sahihi, bwana. Umeona ilivyokusaidia.

Nakuonea huruma pia. Najua inavyouma kuchekwa na watu ulioketi nao miaka mingi, na kunyimwa haradali ni uchokozi. Lakini aliyekunyima haradali si Lyle. Ulipiga simu mbili, ukaongea na jukwaa zima la watu usiowajua, ukakaa mezani ukaandika, na nina hakika ulirudia kuandika mpaka ikakaa sawa. Hiyo si hasira ya dakika moja. Usiniletee habari za utani, kwa sababu mtani huwa anamwangalia mwenzake usoni, na wewe ulikuwa unaangalia karatasi.

Sasa twende kwenye sentensi moja uliyoibana kati ya Bwana Pruitt na soseji zilizoungua. Unasema ulijua kwamba aliwahi kushushwa kwenye basi mbele ya wenzake, ila hukuwa unalifikiria. Mimi sikuamini. Mtu anayekumbuka mirusho ya mechi za miaka iliyopita hawezi kusahau jambo ambalo rafiki yake amemsimulia. Ulilijua siku aliyokuambia Januari afadhali. Ulilijua ulipochagua kumsomea mbele ya watu arobaini badala ya kumwambia pembeni. Ulitafuta panapouma zaidi na ukapapata, na ndiyo maana tangu siku ile hulali vizuri. Hujaniandikia kwamba hulali, nimekisia tu.

Miezi yote hii wewe umekuwa ukibishana kuhusu Olivares. Mwenzako hakuwa akimzungumzia Olivares. Alikuwa akikueleza habari zake mwenyewe kwa njia pekee ambayo mwanaume wa umri wenu anaiweza, na wewe ukawa unamrekebisha hesabu.

Kwa hiyo nisikilize. Kura usiitishe. Pruitt aachwe akae alipo, hajamkosea mtu. Nafasi ya Dolores ya kuegesha gari si yako kuitoa, na kama umeshamtajia mtu, kamwombe Dolores msamaha leo kabla hajasoma gazeti. Ile sheria ya kubadilishana watu ifutwe, Dolores aifute mwenyewe kwa kalamu, na umwambie kwamba kura yake uliipata kwa hila. Ray naye muulize alikuwa na maana gani aliposema "Mh." Nadhani utashangaa.

Alhamisi kuna mechi ya mchana. Nunua tiketi ya jukwaa la mia mbili ishirini na saba, moja, yako. Daftari liache nyumbani, na darubini mrudishie mwenyewe. Nenda mapema, kabla watu hawajajaa, na ufike pale Lyle alipokaa, useme maneno haya bila kuongeza: "Nilijua, na bado nikasoma." Usiseme ulikuwa unatania. Usiseme na yeye aliwafanya watu wakucheke. Usimtaje Olivares. Akitaka kukutukana, simama pale utukanwe. Akinyamaza, kaa unyamaze naye, awamu zote tisa, hata timu ikifungwa ishirini kwa bila.

Na usimwombe arudi. Hili ndilo litakuwa gumu kwako, maana umeshapanga namna ya kumrudisha kama ulivyopanga namna ya kumtoa. Mara mbili katika maisha yake watu wameamua Lyle akae wapi, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Safari hii aamue mwenyewe, na achukue muda anaoutaka, hata dirisha lenu lifungwe. Akisema anabaki kule, mwambie sawa, kisha muulize kama kiti cha kando yake kina mwenyewe.

Bi. Hedwig