Safari ya Orvieto Uliyompa Okello

Jabondo, rafiki yangu,

Nimekuita kama nilivyokuita dukani, kwa jina la kwenu Bondo badala ya Ochieng, ingawa nina hasira nawe, na hasira juu ya mtu aliyekufa sijui hupelekwa wapi. Miezi minne sasa umelala. Bado nafungua duka hapa Kisumu saa mbili asubuhi, bado nauza vitabu vya mitumba, na Jumamosi bado natoa viti viwili, halafu narudisha kimoja ndani kabla mteja hajauliza ni cha nani.

Nianze na mazishi yako. Walinikalisha katika hema la wageni wa mbali. Mimi, ambaye kwa miaka ishirini na sita duka langu na ofisi yako ya upimaji ardhi vilitenganishwa na ukuta mmoja. Bwana aliyekuwa akipanga watu alisikia jina langu, Mwangi, akaniuliza kwa adabu kama nimesafiri vyema kutoka Murang'a. Nikasema vyema. Ningemwambia nini? Kwamba Murang'a ni kwao babu yangu. Kwamba mimi nilizaliwa karibu na Molo, katika shamba tulikofukuzwa nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo sina pa kupaita kwetu?

Hilo nililivumilia. Ndipo aliposimama Okello, yule seremala wa Sondu mliyeimba naye kwaya. Nilimjua kwa salamu tu. Akashika kipaza sauti, akasema, "Ochieng ameniacha njiani. Mimi na yeye tulikuwa twende Orvieto, mji wa huko Italia. Hata barua ya mwaliko iko." Nilikaa na kofia magotini kama mtu aliyeona koti lake limevaliwa na mwingine kanisani.

Orvieto ni yangu, Jabondo. Mimi ndiye niliyefungua katoni na kukuta kile kitabu cha picha chenye jalada lililong'oka. Mimi ndiye niliyekuita uone mji mzima uliokaa juu ya mwamba, kuta za jabali zikishuka pande zote hadi kwenye mashamba ya mizabibu. Ulivaa miwani, ukatazama sana, ukaniita ndugu kwa Kijaluo, "Omera, hawa watu wamejenga mji juu ya jabali la Kit Mikayi." Tangu siku hiyo mimi nikawa wa kusoma, wewe wa kuchora. Nilikusomea habari za kanisa kuu la mawe yenye milia, na mapango yaliyochimbwa chini ya nyumba za watu, na kile kisima chenye ngazi mbili zinazozunguka, moja ya kushuka na moja ya kupanda, ili punda wa maji wasikutane. Ukataka kujua ngazi ina vidaraja vingapi. Nilitafuta wiki mbili: mia mbili arobaini na nane. Uliandika kwa penseli, ukasema magoti yetu yatatosha kushuka. Habari ya kupanda tutaulizana huko huko.

Kisha binti yako Akinyi, muuguzi huko Italia, akatuma mwaliko wa watu wawili, wewe na mwenzako mmoja. Na mwenzako ukamwandika Okello.

Niliona wivu, na sitauita huzuni ili upendeze. Nilimwonea wivu yeye, nikamwonea mkeo aliyejua na hakuniambia. Hata wewe nilikuonea pale kaburini. Hakuna aliyeuliza wachimbe wapi. Ni mkono wa kulia wa nyumba yako, kama desturi yenu, kila mtu alijua. Siku yangu ikifika itabidi waitishe kikao.

Wiki ya tatu baada ya mazishi Okello akaja dukani na michoro yako chini ya kwapa. Sikumkaribisha kiti. Alisimama akageuza kofia mkononi, kisha akasema Akinyi amepiga simu. Anataka kuandika barua upya, twende sisi wawili. Nikamwambia aende peke yake, kwa kuwa ndiye aliyechaguliwa.

"Mzee, Ochieng alikuuliza mara tatu kama utakwenda," Okello akasema. "Mimi aliniambia. Ukisikia pasipoti tu, unachukua kitambaa unaanza kupanguza vitabu."

Nilikuwa nimeshika kitambaa, Jabondo.

Hakuishia hapo. "Na mimi pia ni mtu. Miaka yote ni Mwangi amesoma, Mwangi amesema. Hata mazoezi ya kwaya tulikuwa tunachelewa juu ya Mwangi. Nilikuchoka kabla sijakujua."

Nikampa kiti.

Alikuwa amesema kweli. Unakumbuka mwaka ule wa ghasia za uchaguzi nilipoikimbia Kisumu na begi moja. Niliporudi nilikuta vitabu vyangu chini ya kitanda chako, na nikaapa mbele yako kwamba sitabeba begi tena maishani. Ulinisadiki. Hukutaka kunivunjia kiapo, ukatafuta mtu mwingine, ukaona haya kuniambia. Mimi nami nilidhani kwamba kupanga ndiyo safari yenyewe, na kwamba ulidhani hivyo pia. Lakini kiapo kilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine sikuwahi kukwambia. Niliogopa ile fomu ya pasipoti, mahali inapouliza nyumbani ni wapi. Kitambulisho changu kimeandikwa kata ambayo hakuna mtu ndani yake anayenijua.

Jumanne iliyofuata nilikwenda ofisi ya pasipoti. Okello alinisindikiza, akazungumza njia nzima kuhusu aina za mbao. Binti wa dirishani alisoma kitambulisho, akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikaanza kumweleza Molo, na kabla sijafika kwenye kufukuzwa akanikatiza, bila ubaya. "Mzee, wewe unaishi wapi?" Nikasema Kisumu. Akasema, "Basi andika Kisumu." Nikaandika. Herufi ya mwisho ikavuka mstari. Binti akagonga muhuri, akamwita anayefuata.

Kwa hiyo tutakwenda, mwezi ambao Akinyi anasema jua lao si kali. Usifikiri nimepona. Okello amekwisha kutaka kiti cha dirishani kwenye ndege, na nimemnyima. Michoro yako nitaibeba mimi. Ukweli ni kwamba anapozungumza juu yako anakuigiza vizuri kuliko mimi, hata kile kikohozi chako cha kabla ya utani, na sijui kama nitaweza kumsamehe hilo.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi jambo moja. Tukirudi, Okello atashuka Kisumu apande gari la Sondu, maana ana mke na wajukuu wanaomngoja. Mimi sina wa kuningoja. Nitakuja moja kwa moja Bondo na vumbi langu la safari, nikae kando yako mkono wa kulia wa nyumba, nikusimulie yote. Habari ya Orvieto utaisikia kwangu kwanza.

Mwangi