Mota ya Baba Jeni Uliyoiacha Nusu

Edina mpwa wangu,

Siku zote ulianza wewe, "Shikamoo mjomba," na mimi nikaitikia nimeinamia kazi, hata kukutazama sikutazami. Leo nimeanza mimi, na salamu yenyewe siioni. Nikikuuliza habari za huko, atanijibu nani? Basi tuiache. Pokea barua hii kama ilivyo, pamoja na mwandiko wangu unaoujua, wa mtu aliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kumfundisha. Hiyo ulikuwa unaipenda. "Mjomba, waliishiwa au walikuchoka?"

Naandika hapa hapa karakanani, Ruaha Mbuyuni, kwenye meza yako. Joto ni lile lile. Malori yanapita na vitunguu, vumbi linaingia, nafuta, linaingia tena. Naiacha barua wazi, mwenye macho asome. Sina siri.

Ulifika kutoka Igowole umevaa sweta. Kwenu huko ni baridi ya mashamba ya chai, ukashuka hapa unatoka jasho kama mtungi, na sweta huvui, unaona aibu. Mama yako alikuwa amenipigia simu kabla. Dada yangu yule hana maneno mengi. "Mtoto kamaliza fomu foo, anataka ufundi wa umeme. Mfundishe. Ila usimjaze uongo wako." Nikamwambia binti amefika penyewe, kuanzia Mbeya mpaka mto Ruaha hakuna fundi wa mota ambaye sijamsahihisha. Akakata simu.

Kitu cha kwanza ulichosema baada ya shikamoo ni, "Mjomba, nini kimeoza humu?" Ilikuwa mota iliyoungua, ya mashine ya kusaga, nimeifungua mezani. Nikakuambia uinuse vizuri, hiyo ndiyo harufu ya ugali wetu. Ukaweka pua ndani kabisa. Nikajua huyu atakaa.

Halafu nikakupa waya wa shaba, ukaupokea kwa mkono wa kushoto.

"Wewe mashoto?"

"Tangu tumboni, mjomba."

"Huku kwetu waya unazungushwa kwa kulia."

"Kwani shaba inajua kulia na kushoto?"

 Na mimi nikikosa jibu unajua ninachofanya: nikakupa ile hadithi ya tembo. Nilivyoitwa Igawa kwenye jenereta la wajenzi wa barabara, limewashinda mainjinia, nikaliwasha kwa betri za tochi, likaunguruma mpaka tembo akatoka porini, akasimama mbele yake, akapiga magoti. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Nilipoirudia mbele ya wateja ukaniambia kwa upole, "Mjomba, juzi huyo tembo alisimama tu. Magoti ameanza lini?" Wateja wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu hapo nikawa nasimulia huku nakuangalia wewe kwanza.

Lakini mkono wako ulikuwa mkono. Niliona haraka, ingawa sikukwambia sana. Ulichonga vijiti vyako vya mlanzi, ule mwanzi wa kwenu, ulivyokuja navyo, ukavisugua vikawa laini, na kwa vijiti hivyo ukawa unalaza waya kwenye mifereji ya chuma ya mota bila kuukwaruza hata kidogo. Mzunguko juu ya mzunguko, umelala kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Tatizo lilikuwa moja tu: wewe waya wako ulizunguka huku, wangu ukizunguka kule. Mota nzima ikisukwa na mtu mmoja, haina neno, itazunguka tu. Wakiisuka wawili, mmoja huku na mwingine kule, shaba inagombana humo ndani. Ndiyo maana hatukuwahi kushika mota moja pamoja. Ya Edina ya Edina, ya mjomba ya mjomba.

Nakumbuka pia siku umeme ulipokupiga mara ya kwanza. Haukuwa mkubwa, kapasita tu, ile inayotunza umeme, umeigusa kabla hujaitoa chaji. Ukakaa chini, ukautazama mkono wako. "Mjomba, huu si wangu." Nikakuambia umekufa ganzi, usishike kitu, mkono wenye ganzi ni mwongo, unakwambia umeshika na wala hujashika. Ukauliza ganzi inachukua muda gani. Nikasema mimi umeme wa nguzo kubwa ulinitupa mpaka ng'ambo ya barabara nikaamka nimeshiba. Ulicheka huku machozi yanakutoka.

Sasa nikwambie ya hapa.

Uliondoka na kichwa kinauma, mota ya pampu ya Baba Jeni, yule mkulima wa vitunguu, umeiacha nusu mezani, ukasema unakwenda kupumzika kwa mama, baridi ya nyumbani itakuponya. Nikakusindikiza mpaka kwenye basi. Ukaniambia kupitia dirishani, "Mota ya Baba Jeni usiiguse, nakuja kuimalizia." Nikasema nani atagusa uchafu wako. Ndiyo maneno yetu ya mwisho hayo, hakuna mengine. Homa ikapanda. Mama yako alipopiga simu, alitaja jina lako tu, akakata, nikaelewa kuwa umekwenda.

Msibani Igowole walilia sana, Edina. Kwaya iliimba, wenzako wa shule walikuja. Mimi nilisimama karibu na jenereta la spika. Lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, nikawa nawaza kabureta imeziba, wakilisafisha litatulia. Mchungaji alivyohubiri sikumbuki. Kabureta nakumbuka. Baada ya mazishi vijana wakaniambia, "Mjomba, tupe hata hadithi moja ya kutuchangamsha," maana wananijua. Nikaanza ile ya tembo. Tembo hakutoka porini. Mama yako akaniletea chai.

Nikarudi huku nikafungua mlango, mota ya Baba Jeni iko mezani, nusu imesukwa, waya unaning'inia kutoka pale ulipoishia. Hukufika hata mahali pa kukatia. Uliacha katikati.

Baba Jeni alisubiri kwa heshima. Kisha akaja, kofia mkononi.

"Pole sana fundi. Nasikia vibaya kusema hili."

"Sema."

"Vitunguu vyangu viko kitaluni, bila pampu vinakufa. Kesho napeleka mota Iringa mjini. Wamesema watakata nyaya zote zilizomo, wasuke upya."

"Watakata?"

"Ndivyo wanavyofanya, fundi. Hawamalizii kazi ya mtu. Hiyo shaba wataiuza kwa kilo."

Nikamwambia aje kesho achukue mota yake ikiwa nzima. Nikaongeza kwamba mimi nimewahi kumalizia mota ya fundi Mzungu aliyekimbia nyoka. Akasema sawa, lakini hakucheka.

Nikaketi kwenye kiti chako, nikaushika waya wako, nikaendelea. Mikono ilikwenda yenyewe, na mimi nilikuwa sipo. Nikajaza mifereji iliyobaki, nikafunga, nikajaribisha umeme. Ikanguruma. Haikuzunguka. Ilinguruma tu kama mbwa aliyekanyagwa, na joto likaanza kupanda. Nikazima.

Ndipo nikaona. Yako huku, yangu kule. Nilichokufundisha mwenyewe ndicho nilichokisahau.

Ningeweza kukata waya pale mizunguko yetu ilipokutana nikageuza ncha, ni kazi ndogo. Lakini kiungo ndani ya mfereji ni ugonjwa, na tena ningekata mkono wako. Sikutaka. Nikafumua yangu yote, mzunguko kwa mzunguko, mpaka nikafika kwenye wa kwako wa mwisho. Ulikuwa umelala vizuri. Nikashika waya kwa kushoto.

Edina, mimi fundi wa mafundi nilitoka jasho kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Waya unateleza, kijiti kinaniponyoka, kidole nimekikwaruza. Kila nikisahau, mkono wa kulia unakuja wenyewe kutaka kusaidia, naurudisha. Mizunguko yangu imekaa ovyo, nakuambia ukweli. Mtu akiifungua mota ile atajua mmoja alikuwa fundi na mwingine alikuwa anajaribu. Nikaipaka vanishi, nikaiweka juani ikauke. Niliingoja nikiwa nimekaa mbele yake, kama mtu anayelinda mpunga dhidi ya ndege.

Watu wananiuliza kama nimelia. Sijalia. Nakula, nalala, nawajibu wateja. Mama yako naye anauliza, namwambia niko salama, na wala si uongo, sijui tu aliye salama ni nani. Ile ganzi uliyoniuliza inachukua muda gani, nilikujibu kwa porojo. Jibu lenyewe silijui.

Baba Jeni alikuja, tukaipeleka shambani. Tukaifunga kwenye pampu kando ya mto, majirani wake wamesimama, mabomba yamelala makavu kwenye matuta. Nikawasha. Ikashika. Ikazunguka, Edina, laini, ikavuta maji, yakatokea kule mwisho, watoto wakakimbilia. Baba Jeni akapiga makofi. "Fundi, umeisuka wewe hii?" Nikasema tumeisuka.

Fundi akimaliza huweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mota na mpini sikioni, asikilize kama beringi, zile gololi za ndani, zinalia. Nikapiga goti, nikaweka. Hazikulia. Ndani mlikuwa na ule mvumo mmoja tu, mzito, hauyumbi.

"Inasemaje fundi?"

"Nzima."

"Basi njoo unywe chai."

Nikawaambia watangulie. Maji yalijaa tuta la kwanza, yakaingia la pili, Baba Jeni akaita tena, na mimi bado nimeinama pale, bisibisi sikioni.

Lala salama, mashoto wangu. Mama yako nitamwangalia, hilo usilipime kama hadithi zangu nyingine.

Ni mimi, mjomba wako wa Ruaha Mbuyuni.