Mkono wa Mama Umejibu

Da Zuhura, shikamoo. Huku Kilifi sote wazima, na moyo wangu leo umetua.

Kila asubuhi hospitalini Mama hufanya zoezi la kupangusa meza pamoja na roboti, mkono wa chuma unaoshika kiganja chake kilichopooza. Haiambiwi neno, huhisi mguso tu. Mama akishindwa, inamsukuma, akijiweza, inamwachia. Siku tatu ilimsukuma mwanzo hadi mwisho. Leo ikalegea ghafla, nikadhani imezimika.

"Haijazimika," akasema dada anayemfanyisha mazoezi. "Imehisi Mama anasukuma mwenyewe."

Mama akaitazama. "Basi niache nimalize."

Akapangusa polepole mpaka ukingoni. Nililia, Da, mbele ya watu.

Nibusie watoto. Nawe leo ulale, najua wasiwasi juu ya Mama umekukosesha usingizi.

Nduguyo,
Salma