Kiti cha Mzee Kioko

Jumatatu, tarehe 4
Betri nzima. Fyuzi nzima. Nimeendesha gari ya Mwalimu Nduku kutoka kwake Mountain View mpaka mjini na kurudi. Haijazima hata mara moja. Akimbeba mumewe, Mzee Kioko, inazima katikati ya barabara. Hii ni mara ya tatu nawarudishia nikisema iko sawa. Naona aibu.

Jumanne, tarehe 5
Kijana wao amepata mnunuzi. Gari inauzwa Ijumaa. Mwalimu amenipigia simu akilia. Mzee ana kliniki ya mguu kila Alhamisi na sasa amekataa kwenda. "Hii gari hainitaki. Mkosi ni mimi." Mtu aliyeendesha lori maisha yake yote! Imeniuma sana.

Jumatano, tarehe 6
Gari nimeileta tena gereji yangu, Kabiria. Nimetikisa waya, nimevuta, nimemwagia maji. Wapi! Nimemgombeza mke wangu bure, eti chai imepoa. Nimemwomba msamaha. Akauliza swali moja tu: huyo mzee umewahi kumbeba?

Sijawahi. Kila nikifika namwomba ashuke, akae kivulini. Heshima. Halafu nasukuma kiti chake mbele, nipate nafasi ya sanduku la vifaa.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeirudisha gari Mountain View, nikaiacha ikinguruma. Nikamwambia, Mzee, leo ingia. Akakataa. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia kitu polepole kwa Kikamba. Akaingia. Goti lake halikunjiki vizuri, kwa hivyo akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, kama anavyofanya njiani mguu ukimuuma. Gari ikazima papo hapo.

Nikainua zulia. Waya wa pampu ya mafuta umebanwa na reli ya kiti, umekatika ndani, ganda tu ndilo limeushika. Kiti kikienda nyuma, unaachana. Kikirudi mbele, unagusana.

Na ni mimi niliyeupitisha hapo mwaka jana, nikifunga alamu ya wezi, ile inayokata mafuta. Mikono yangu hii. Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaambia hivyo hivyo, bila kuficha. Mzee akacheka mpaka machozi. "Kumbe mkosi ni wewe, fundi!"

Nikaunga waya upya, nikaupitisha mbali na reli. Walichelewa kliniki, lakini walifika.

Ijumaa, tarehe 8
Mnunuzi ameambiwa gari haiuzwi. Nimepita Mountain View jioni kuchukua bisibisi niliyosahau. Hawakuwepo nje, lakini gari ilikuwa wazi. Bisibisi ilikuwa chini ya kiti cha Mzee, kiti kimesukumwa nyuma kabisa. Nimeichukua, nikaacha kiti vile vile.