Sahani ya sombe ilienda kwa Albertine

Béné, nakufa na haya!

Unajua jirani yangu Katungu njo ananitwangiaka sombe, yale majani ya muhogo, kila siku ya samedi, juu mikono yangu ilishachoka. Leo naona sahani inatoka kwake, inaenda kwa Albertine, ule jirani yetu mwingine. Kwa Albertine, Béné! Jalousie ikanikamata, wivu kabisa, nikavuka avenue na pantoufle ku miguu.

Nikamuuliza mbele ya bantu: "Katungu, sasa unatwangia Albertine, mimi unaniacha?"

Akacheka: "Mama, mimi niliacha kutwanga toka sikukuu ya Pâques, mugongo inaniuma. Ni Albertine anatutwangiaka sisi wote. Mimi napika tu. Yako iko ku moto."

Albertine! Ananipita myaka tatu, na mikono yake ingali na nguvu!

Nilikula sahani yote. Iko tamu, Béné. Njo yenye inaniuma.