Shamba la Wajane la Kiplombe

Alhamisi, Eldoret. Mvua ilianza mchana na sasa imebaki manyunyu. Nyumba imenyamaza sana.

Leo kamati yetu ya parokia imeamua kukodisha shamba la Kiplombe.

Shamba hilo liliachwa na Mama Perpetua, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Alipoona siku zake zinaisha, alilitoa wakfu kwa parokia: kila mjane asiye na ardhi apewe kipande alime, avune, ale. Basi. Mimi ni katibu wa kamati, na kila msimu wa kupanda mimi ndiye huwapimia akina mama vipande vyao.

Sasa kuna tajiri anataka kupanda ngano shamba lote. Mwenyekiti anasema kodi yake itamalizia ukumbi wa kanisa.

"Hata wajane watatumia ukumbi," alisema, na watu wakacheka.

Nilisema sisi ni walinzi tu wa hilo shamba, si wenyewe. Wakati wa kura, aliyekataa ni mimi tu.

Kwenye chai hakuna aliyenisogelea. Hawa ndio walionisaidia kumzika mke wangu mwaka jana. Tangu hapo, mikutano yao ndiyo mazungumzo yangu ya wiki nzima.

Niliacha kikombe nusu, nikatoka.

Kuwaambia wajane ni kazi ya katibu. Nikaenda Langas kwa Mama Nekesa, anayewaongoza. Nilimkuta akifunika sukuma wiki zake na nailoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulisema aje, Mzee?"

"Nilikataa."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nilingoja anitukane. Ningeelewa. Badala yake alivuta stuli, akaipangusa maji, akanionyesha nikae.

"Si Padri bado hajaweka sahihi kwa huo mkataba?"

"Bado."

"Basi kesho tunaenda kwake sisi wote. Wewe utaongea kwanza, unajua vile Mama Perpetua alisema. Na Jumapili usikae huko mbele peke yako. Kuja ukae na sisi."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Sijui kama Padri atatusikia. Huenda mwaka huu Kiplombe ikaota ngano ya tajiri, na mimi nitoke kwenye kamati.

Nimepiga pasi shati la kesho. Tangu mazishi sikuwa nimeshika pasi. Kola imekataa kunyooka, lakini nitalivaa hivyo hivyo.